Anga lenye macho

Waulize watu filamu ya kutisha inapaswa kufanya nini, wengi watajibu kwamba ni lazima imfanye mtazamaji aamini. Damu ifanane na damu, maiti afanane na maiti, na mzuka utokee gizani kwa namna ambayo mtu atasahau kuwa amekaa kitini akitazama kioo. Kwa kipimo hicho, Kwaidan ya Masaki Kobayashi, iliyotoka Japani mwishoni mwa 1964, inafeli mapema kabisa. Anga lake ni ukuta mrefu uliopakwa rangi. Dhoruba yake ya theluji inavuma ndani ya banda. Bahari yake ya vita ni dimbwi lenye mashua na moshi. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kunyoosha kidole na kusema: hili ni pazia. Na bado, miaka 60 baadaye, filamu hii inampa mtu baridi ya mgongo, wakati filamu chungu nzima zilizojitahidi kufanana na maisha zimeishia kuchekwa na wajukuu wa walioziogopa. Kawaida husemwa kwamba Kwaidan ni filamu nzuri ya kutazama ambayo kwa bahati inatisha kidogo. Nadhani kauli hiyo imegeuza mambo kichwa chini miguu juu. Uzuri wake wa kuchora, ule usiojificha kuwa ni wa kuchora, ndio hasa unaotisha, na ukiuondoa hofu inaondoka nao.

Jina lenyewe lina maana ya hadithi za mambo ya ajabu. Leo Wajapani hulitamka kaidan, lakini tahajia ya zamani imebaki kwa sababu ya kitabu cha Lafcadio Hearn kilichotoka 1904, mwaka ambao mwandishi huyo alifariki. Hearn alizaliwa 1850 katika kisiwa cha Lefkada, Ugiriki, mama yake Mgiriki na baba yake Mwairishi. Alilelewa Dublin, akafanya kazi ya magazeti Cincinnati na New Orleans, kisha akafika Japani 1890 na kulowea huko. Alimwoa Setsu Koizumi, binti wa ukoo wa samurai, akawa raia na kuitwa Koizumi Yakumo. Setsu ndiye aliyemsimulia nyingi ya hadithi hizo. Yeye akaziandika kwa Kiingereza. Filamu imechukua nne, mbili kutoka kitabu hicho na mbili kutoka vitabu vyake vingine. Kwa hiyo tunachokiona ni hadithi zilizotoka kinywani, zikapita katika lugha ya kigeni, kisha zikarudishwa kwao na kamera. Nalitaja hili kwa sababu linajibu swali la kwanza la mkosoaji: mbona Kobayashi hakwenda kupiga picha kwenye misitu na mahekalu halisi, ambayo Japani inayo tele? Hakwenda kwa kuwa hadithi hizi hazikuishi msituni. Ziliishi katika masimulizi, na masimulizi yana mandhari yake.

Tena, Kobayashi si mtu aliyekimbilia rangi kwa tamaa ya mapambo. Katika Chuo Kikuu cha Waseda alisoma sanaa za Asia chini ya Yaichi Aizu, mwanazuoni wa sanaa za Kibudha. Vita vikamkatiza, akapelekwa Manchuria kama askari, akakataa kupandishwa cheo, na mwisho wa vita akawa mfungwa huko Okinawa. Kazi zilizompa jina, The Human Condition ya karibu saa kumi, iliyotoka kwa sehemu tatu kati ya 1959 na 1961, na Harakiri ya 1962, zote ni nyeusi na nyeupe, kali, zisizo na pambo. Kwaidan ilikuwa filamu yake ya kwanza ya rangi. Alipofika hapo hakukuwa na studio iliyotosha mawazo yake, ikabidi kazi ifanyike katika banda la ndege lililokuwa halitumiki. Humo Shigemasa Toda, msanii wa mandhari, na wenzake walijenga vijiji, makaburi, misitu na bahari, wakachora mbingu kwa mkono, huku Yoshio Miyajima akiwa nyuma ya kamera. Kampuni iliyoitengeneza, Ninjin Club, iliyoanzishwa na waigizaji wa kike watatu, ilizama kwenye madeni kwa sababu ya gharama hizo. Filamu ikaenda Cannes mwaka 1965 ikapata tuzo maalumu ya majaji, na baadaye ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Tuzo hizo hazikuiokoa kampuni.

Sasa turudi kwenye hoja. Mtazamaji wa filamu ya kutisha ana ngao moja ambayo kila mtu anaijua: akizidiwa, hujiambia kuwa ni filamu tu. Yule ni mwigizaji, ile ni rangi nyekundu, nyuma ya mlango ule yupo fundi wa taa. Filamu inayojidai ni ukweli mtupu inaiacha ngao hiyo mikononi mwake, maana siri yake ni hila, na siku hila inapojulikana silaha yake imekwisha. Kobayashi anaanza kwa kukunyang'anya ngao. Tangu mwanzo anakuonyesha kwamba ukuta ni ukuta na mwezi ni rangi. Huna tena cha kufichua. Msimulizi wetu wa jioni hufanya vivyo hivyo anaposema Paukwa, na watoto wakaitikia Pakawa. Mwito huo haumwombi mtu aamini kuwa sungura anasema. Unamwarifu kwamba ametoka katika dunia ya kawaida na kuingia nyingine yenye sheria zake, na kwamba ameingia kwa hiari yake. Hakuna mtoto aliyewahi kupunguziwa hofu ya zimwi kwa kuambiwa kwanza kuwa hiyo ni hadithi. Pengine huongezewa, kwa sababu ndani ya hadithi hakuna polisi wala jirani wa kukimbilia. Mandhari ya Kwaidan ni paukwa ya macho.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika hadithi ya pili, ya mwanamke wa theluji. Wakata kuni wawili, mzee Mosaku na kijana Minokichi, ambaye anaigizwa na Tatsuya Nakadai, wanakamatwa na dhoruba. Nyuma yao, angani, kuna jicho. Halikufichwa kwenye mawingu ili mtazamaji hodari aligundue. Limechorwa kubwa, waziwazi, likitazama chini. Wanaume wale hawaliangalii. Sisi tu ndio tunaoliona, na ghafla nafasi yetu inakuwa ngumu, kwa sababu tumepewa habari ambayo hatuwezi kuifikisha kwa mtu. Usiku huo mwanamke mweupe anampulizia mzee pumzi ya barafu akafa, akamwachia kijana uhai kwa sharti kwamba asimwambie mtu yeyote, milele. Baadaye Minokichi anakutana njiani na msichana aitwaye Yuki, anamwoa, wanapata watoto watatu. Miaka hiyo ya furaha imepigwa picha chini ya mbingu za rangi ya machungwa na waridi, rangi za joto kiasi cha kutia shaka. Nani aliyewahi kuona anga linalobembeleza hivyo? Mtu anayetegemea mandhari halisi angelazimika kungoja machweo mazuri na kuyaacha yapite. Kobayashi anayachora, nayo yanabaki kuwa ahadi: dunia hii yote inaning'inia kwenye ulimi wa mtu mmoja.

Na ulimi unateleza. Mke anashona karibu na taa, mume anamtazama, anasema sura yake inamkumbusha jambo fulani la zamani. Kadiri anavyosimulia, mwanga wa chumbani unaacha joto lake na kugeuka samawati, bila taa yoyote kuzimwa na bila dirisha kufunguliwa. Hakuna kishindo, wala uso uliooza unaoruka mbele ya kamera. Rangi ya chumba imebadilika, basi, na kila mtu anajua kwamba ndoa imekufa. Keiko Kishi, mmoja wa wale waanzilishi watatu wa Ninjin Club, hahitaji kufanya mengi, mwanga umeshasema. Jaribu kuwazia tukio hilo katika nyumba ya kweli yenye mwanga wa kweli: mtazamaji angeuliza samawati ile imetoka wapi. Hapa haulizi, kwa kuwa ameshakubali kitambo kwamba mwanga wa nchi hii unafuata hukumu, haufuati jua. Hiyo ndiyo faida ya kuukiri uwongo mapema. Unakununulia uhuru wa kusema kwa rangi jambo ambalo maneno yangeliharibu.

Yapo mapingamizi, na lenye nguvu zaidi linatoka Japani yenyewe. Mwaka ule ule wa 1964 Kaneto Shindo alitoa Onibaba, filamu nyeusi na nyeupe iliyopigwa nje, katika uwanja wa matete marefu yanayopigwa na upepo. Matete yale ni ya kweli, upepo ni wa kweli, njaa ya wanawake wawili wa kisa hicho inaonekana mifupani mwao, na filamu inatisha sana. Kabla ya hapo, mwaka 1953, Kenji Mizoguchi alikuwa ameshatengeneza Ugetsu, yenye mzuka wa kike unaopendeza kuliko wowote katika sinema, bila kuhitaji mbingu za kuchora. Kwa hiyo, atasema mpinzani, ukweli wa macho hauui hofu. Nakubali. Sikusema kwamba njia ya Kobayashi ni ya pekee. Lakini ukizitazama kwa makini utaona zinaogopesha kwa vitu tofauti. Onibaba inamwogopa binadamu: njaa yake, tamaa yake, anachoweza kumfanyia mwenzake akiwa na mkuki na shimo. Kwa hofu ya namna hiyo ardhi halisi inafaa, maana adui ni mwili. Kwaidan inaogopa kitu kingine, yaani kwamba dunia yenyewe inaandika madeni yetu na haisahau. Dunia ya namna hiyo huwezi kwenda kuipiga picha mahali fulani. Ni lazima uitengeneze, na ionekane imetengenezwa, kwa kuwa nia ndiyo inayotisha ndani yake: jicho lile angani halikutokea kwa hali ya hewa, kuna aliyeliweka.

Sauti nayo inafuata kanuni hiyo hiyo, ingawa walio wengi hawaitaji wanaposifu picha. Toru Takemitsu, mtunzi wa muziki, aliondoa sehemu kubwa ya sauti za kawaida ambazo sikio huzitarajia. Katika hadithi ya kwanza, samurai fukara wa Kyoto anamwacha mkewe, mfumaji mwaminifu, akaoa binti wa mkubwa mkoani ili apate cheo. Miaka inapita, majuto yanamrudisha. Anamkuta mke wa kwanza palepale, kijana vilevile, na analala kando yake. Asubuhi anaamka pembeni ya mifupa na nywele ndefu nyeusi. Anakimbia ndani ya nyumba inayobomoka, mbao zinavunjika chini ya miguu yake, na hatuzisikii zinapovunjika. Tunasikia milio mingine, ya mbao kupasuka, iliyopachikwa mahali pasipo pake, mapema au kwa kuchelewa, na katikati kimya. Jicho na sikio vinapokea habari zisizolingana. Ni jambo dogo la kiufundi, lakini linafanya kazi ileile ya anga la kuchora: linakukatalia dunia unayoijua bila kukuficha kwamba linakukatalia.

Hadithi ya tatu ndiyo kilele, na naomba nikae hapo kidogo. Mwaka 1185, huko Dan-no-ura, ukoo wa Heike uliangamizwa baharini na ukoo wa Genji, na Antoku, mfalme mtoto, akazama mikononi mwa bibi yake. Karne kadhaa baadaye, katika hekalu lililo karibu na pwani ile, anaishi Hoichi, kipofu mpiga biwa anayesimulia vita hivyo vizuri kuliko mtu yeyote. Biwa ni ala ya nyuzi, ndugu wa mbali wa udi tunaousikia kwenye taarabu. Wataalamu huzirudisha zote mbili kwenye barbat ya Uajemi. Usiku mmoja askari aliyevaa deraya anamwita Hoichi akamwimbie bwana wake. Kipofu hajui kwamba bwana huyo na baraza lake lote ni wafu. Kobayashi anatuonyesha vita kwa namna mbili kwa zamu: mara mashua zinapambana kwenye maji ya studio chini ya anga la moto, mara kamera inatembea juu ya mchoro wa vita hivyo hivyo, wa mtindo wa zile picha ndefu za kukunjwa ambazo Wajapani walizitumia kusimulia kwa karne nyingi. Hakuna mshono unaofichwa kati ya damu na wino. Mtu anaweza kudhani mchoro unapunguza makali. Mimi naona unayaongeza, kwa sababu unatukumbusha kwamba watu hawa wamebaki kuwa hadithi tu, na hawataki kuwa hadithi tu. Ndiyo maana wanamtaka msimulizi.

Kasisi wa hekalu akigundua hilo, anamvua Hoichi nguo na kumwandika mwili mzima maneno matakatifu kwa brashi, ili mizimu isimwone. Mwambao wa Afrika Mashariki hauhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Watu wanaojua kombe, aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na kunywewa na mgonjwa, au hirizi iliyoshonewa ndani ya ngozi, wanajua imani kwamba maandishi yanaweza kuwa ukuta. Lakini kwenye kioo picha ile inazidi imani. Mwili wa mwanamume umefunikwa na hati nyeusi, safu kwa safu, usoni, kwenye kope, vidoleni, na ni mzuri kupita kiasi, mzuri kiasi kwamba unasahau kukagua kama umekamilika. Kasisi naye amesahau. Masikio yamebaki wazi. Mzimu unafika, hauoni mtu, unaona masikio mawili yanayoelea, na unayang'oa ili uwe na ushahidi wa kumpelekea bwana wake. Hapa uzuri na ukatili vimeshikana kiasi kwamba huwezi kuvitenga. Tumedanganywa na kalamu nzuri, sisi na kasisi pamoja.

Wengine wamelalamika kwamba baada ya kuushambulia udikteta wa kijeshi katika The Human Condition, na unafiki wa wakubwa katika Harakiri, Kobayashi alikimbilia mizuka na rangi, akaacha mapambano. Lalamiko hilo ni la mtu aliyetazama mapazia bila kufuata visa. Samurai wa kwanza anauza ndoa kwa cheo. Hoichi ni mtu wa chini, kipofu, anayeagizwa usiku na sauti ya askari na asithubutu kukataa wala kuuliza. Ametumwa na wafu kama wanyonge wanavyotumwa na walio hai. Aliyevaa sare ya jeshi ambalo hakulipenda alijua uzito wa amri ya namna hiyo. Kuhusu wanaosema filamu ni ndefu na ya polepole, ni kweli, ina dakika 183. Ilipopelekwa kuonyeshwa Marekani walipunguza urefu kwa kuondoa hadithi nzima ya mwanamke wa theluji, yaani walilikata jicho. Sina la kuongeza hapo.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, maana ni vigumu kuusifu ustadi uliolifilisi kundi lililouzaa. Hata hivyo gharama ilikuwa ya ukubwa wa banda, haikuwa ya wazo. Mbingu iliyochorwa ni rangi, brashi na turubai. Studio zetu za zamani za picha zilikuwa nazo, zenye meli, ndege na minazi nyuma ya familia iliyovaa nguo za sikukuu, na hakuna aliyedhani ile minazi ni ya kweli wala aliyeipenda picha yake pungufu kwa hilo. Mtengenezaji filamu asiye na fedha za kompyuta, anayelazimika kubandika moto wa bandia juu ya picha halisi na kuomba watu wasicheke, ana njia nyingine mbele yake. Anaweza kuacha kuomba.

Nibakishe neno la hadithi ya nne, ambayo kwa maoni yangu ni dhaifu kuliko zote na pia ndiyo iliyopakwa rangi kidogo kuliko zote. Mwandishi wa mwishoni mwa karne ya 19 anaandika kisa cha samurai aliyeona uso wa mtu mwingine ndani ya kikombe chake cha chai, akaunywa. Kisa hicho hakina mwisho. Msimulizi anajiuliza ni kwa nini hadithi za kale nyingine zimeachwa hivyo. Hakuna mbingu ya kukumbukwa humo, na mapigano yake ya mizuka yanafanana na ya filamu nyingine. Kisha mchapishaji anakuja kuchukua mswada, mwandishi hayupo, na katika mtungi wa maji inaonekana sura yake, ikitazama juu kutoka ndani. Filamu ilifunguliwa kwa majina ya wasanii yakipita huku wino wa rangi ukijikunja na kutawanyika ndani ya maji safi. Saa tatu baadaye, maji ni yaleyale, na aliyemo ndani yake ni mwenye wino.